Ruzuku ya Pell: hela ya shule niliyokaribia kuikataa kwa saini yangu

Mwezi wa pili mwaka 2024 binti yangu alitoka shuleni na karatasi mbili, akaziweka mezani kando ya sufuria ya sombe. "Mama, chagua moja utie saini. Bila hivyo sipewi diploma." Alikuwa darasa la kumi na mbili. Hapa Texas sheria inamtaka kila mwanafunzi anayemaliza sekondari ajaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, au mzazi wake atie saini kwamba hataki. Fomu yenyewe iko kwenye kompyuta na inauliza mambo ya watu wazima. Karatasi ya kukataa ni ukurasa mmoja.

Mume wangu hakuhitaji kufikiri. "Tia hiyo fupi. Hatutaki deni jingine." Nilimwelewa. Tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2018 tulipanda ndege watu sita, na nauli ile ilikuwa mkopo. Tuliilipa kidogo kidogo kila mwezi, hata miezi ambayo gari lilikuwa gereji. Mtu aliyeanza maisha ya Marekani na bili ya ndege mkononi, ukimwambia serikali itamsaidia kusomesha mtoto, anachosikia ni deni tu. Nikasema nitatia saini kesho asubuhi nikitoka kazini.

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Abilene. Usiku ule, saa tisa hivi, wazee wote wamelala, nikamsimulia nesi wa zamu habari ya zile karatasi. Akaacha kuandika. "Umeshatia saini?" Nikamwambia bado. Akasema, "Unesi huu nimeusomea kwa Pell. Sijarudisha hata senti moja."

Nimeitumia Pell kwa mwaka na zaidi sasa, kwa binti yangu na kwangu mwenyewe. Naipa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye mtandao fomu ile ipo kwa Kiingereza na Kihispania tu, na kwenye majengo tunayokaa sisi nimekuta familia baada ya familia zilizotia saini ile karatasi fupi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Pell ni ruzuku. Serikali kuu inampa mwanafunzi ambaye kwao kipato ni kidogo, na hairudishwi. FAFSA ni fomu tu, na ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu fomu hiyohiyo moja inafungua Pell, inafungua kazi ndogondogo za chuoni, na inafungua mikopo. Baadaye chuo kinakuandikia barua yenye vitu vyote hivyo kwenye orodha moja, ruzuku juu, mkopo chini, halafu jumla. Mzazi akiona jumla anadhani ameletewa mkopo mkubwa. Hapana. Unachukua unachotaka. Sisi tulikubali Pell, mkopo tukaukataa, na hakuna aliyetuuliza kwa nini.

Jirani yangu Mtanzania aliniuliza kama ni kama bumu la kwao. Nikamwambia bumu analijua yeye kuliko mimi: Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi, na akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Na sisi wakimbizi tuliokaa Kigoma miaka yote ile hata hilo bumu halikutuhusu, ni la raia. Huku mwenye grini kadi anaomba Pell sawasawa na aliyezaliwa hapa. Mume wangu aliogopa pia kwamba kuchukua hela ya serikali kutamharibia uraia. Ameapishwa mwaka huu. Habari ya Pell haikutajwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kambini, kwa hiyo sikutulia mpaka nijue kitu hiki kilitoka wapi. Kumbe kimeanzia humuhumu Texas. Rais Lyndon Johnson alisomea ualimu chuo kimoja cha San Marcos, na mwaka 1928 alikwenda kufundisha watoto maskini wa Kimeksiko mjini Cotulla. Tarehe 8 Novemba 1965, akiwa Rais, alirudi kwenye chuo chake kilekile cha San Marcos kutia saini sheria ya elimu ya juu. Ruzuku yenyewe ilikuja kwa mabadiliko ya sheria hiyo mwaka 1972, na mwaka 1980 ikapewa jina la Claiborne Pell, seneta wa Rhode Island aliyeipigania. Nilipomsomea mume wangu kwamba Johnson alikuwa mwalimu kama mimi, ndipo alipokubali nikae kwenye kompyuta.

Sasa fomu. Zamani ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Wameipunguza sana, na kwa maswali yenyewe nawasifu. Namba za kodi hujazi tena kwa mkono. Unakubali zivutwe moja kwa moja kutoka idara ya mapato, zinaingia zenyewe. Ila mwaka wetu ndio uliokuwa wa kwanza wa fomu mpya, na nchi nzima ilihangaika: badala ya kufunguliwa Oktoba ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 2023, na vyuo vilianza kupata majibu mwezi wa tatu. Sisi tulikuwa na yetu juu ya hayo.

Kabla ya kujaza, mwanafunzi anafungua akaunti yake na mzazi anafungua yake. Mzazi anaitwa kwa neno ambalo binti yangu alilitafsiri "mchangiaji". Mume wangu akasimama. "Si nilisema? Wanataka tuchange!" Tukakaa tena, tukasoma polepole. Mchangiaji maana yake ni anayechangia taarifa zake kwenye fomu. Haimaanishi kwamba utalipa chochote. Na kama mume na mke mnajaza kodi pamoja, mmoja tu anatosha. Nikawa mimi.

Akaunti ikanikataa. Nikaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya soshali (ile ya hifadhi ya jamii), jibu likawa kwamba taarifa hazilingani. Tarehe haikuwa na shida. Mimi, mume wangu na nusu ya kanisa letu tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu ndivyo tulivyoandikwa. Mama yangu alikuwa akiniambia nilizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, kule Fizi, Kongo. Nilijaribu mara nane kwa siku nne. Mwishowe binti yangu akachukua kadi yangu ya soshali na grini kadi, akaziweka bega kwa bega chini ya taa ya jikoni, akapitisha kidole herufi kwa herufi kama mtoto anayejifunza kusoma. Akasimama katikati ya jina la ukoo. Kwenye grini kadi ni B. Kwenye kadi ya soshali ni P.

Miaka sita nilitembea na kadi ile kwenye pochi sikuwahi kuona.

Kusahihisha ni bure, lakini ni siku ya kukosa kazi, na kadi mpya ilichukua wiki mbili kufika kwa posta. Ndiyo maana kila anayeniuliza habari ya FAFSA namwambia jambo moja kabla ya lolote: leo hii, kabla hujafungua kompyuta, weka soshali yako na grini kadi yako pamoja, usome herufi moja moja. Angalia na mpangilio wa majina. Sisi Wakongo tunaandika jina la ukoo mbele, mwingine katikati, na karani aliyetuandika kambini aliweka alivyoona yeye.

Tulimaliza fomu mwezi wa nne. Kujaza kwenyewe, akaunti zikishakubali, ilikuwa dakika arobaini, pamoja na kuamka mara mbili kumpa mdogo wao uji.

Barua ya chuo ilikuja kiangazi. Mwaka ule wa masomo, 2024-25, Pell ya juu kabisa ilikuwa dola 7,395 (na 2025-26 imebaki palepale). Sisi tuliandikiwa 4,300. Nilifurahi, nikaihesabu mara tatu. Halafu ikaja bili ya muhula wa kwanza: masomo 2,580, vitabu na vifaa 410, jumla 2,990. Pell inatolewa nusu kila muhula, kwa hiyo tulikuwa na 2,150. Zilipungua 840. Chuo kikatugawia mafungu manne ya dola 210, na onyo kwamba tukikosa fungu anaondolewa darasani.

Neno lile lilinirudisha mbali. Nilipokuwa mtoto Kongo, mwalimu mkuu alikuwa akiingia darasani na orodha ya wasiolipa minervali, yaani ada ya shule. Ukisikia jina lako unachukua mfuko wako unatoka, mtihani uwepo usiwepo. Sikutaka binti yangu aondolewe. Nikalipa fungu la kwanza.

Kwa nini 4,300? Kwa sababu fomu haikuangalia kipato cha siku ile. Fomu ya 2024-25 ilisoma kodi ya mwaka 2022, na mwaka 2022 mume wangu alikuwa na ovataimu kila Jumamosi. Mwaka 2023 mgongo ukamshika, akapunguziwa saa, tukarudi kwenye mshahara wangu na nusu ya wake. Kompyuta haikulijua hilo. Lakini ofisi ya misaada ya kila chuo ina ruhusa kisheria ya kuangalia hali iliyobadilika na kurekebisha hesabu. Jambo hili halikuandikwa popote kwenye barua yetu. Nesi wangu wa usiku ndiye aliyeniambia niombe.

Nikaomba. Chuo nakiacha bila jina kwa sababu mwishowe walitutendea haki, ila njia ilikuwa ndefu. Kijana wa dirishani aliniuliza kwa nini binti yangu ana jina la ukoo tofauti na langu na tofauti na la baba yake. Je, mimi ni mama mzazi? Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto ana jina lake, huyu wangu amepewa jina la bibi yake mzaa baba. Akaandika kitu. Wiki iliyofuata karatasi za daktari hazikuonekana, nikapeleka tena. Wiki iliyofuata tena yule kijana hayupo na mwenzake hajui chochote. Nikalipa fungu la pili. Katikati ya mwezi wa kumi mama mmoja mtu mzima wa ofisi hiyo alinikuta nimekaa kwenye kiti na sare ya kazini, akachukua faili, akalisoma lote mbele yangu bila haraka, hata barua ya bosi wa mume wangu. Akaniuliza maswali mawili. Siku tisa baadaye tukaandikiwa 7,395.

Nusu yake ni 3,697. Ukitoa ile 2,990 inabaki 707, na mafungu mawili niliyolipa, 420, yakarudi. Dola 1,127 ziliingia kwenye akaunti ya binti yangu asubuhi ya Ijumaa. Alinunua kompyuta mpakato iliyotumika, akajaza mafuta kwenye gari, na zilizobaki akaziacha benki kwa ajili ya muhula wa pili. Hela ile ni yake kihalali. Ikizidi ada, chuo kinampa mwanafunzi atumie kwa nauli, chakula, makazi, mambo yote ya kumwezesha kusoma. Nimesikia wazazi wakizidai wazilipie kodi ya nyumba. Sitawahukumu, najua kodi ya nyumba, lakini naomba tuwaachie watoto.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu hizi. Kusoma kipato cha miaka miwili nyuma kunawaumiza watu wa kazi kama zetu, kazi za kiwandani na maghalani, ambazo saa zinapanda na kushuka kila mwezi. Na ile haki ya kuomba hesabu irudiwe ingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila barua. Pia hela yenyewe haijakua na bei. Katikati ya miaka ya 1970 Pell ya juu ililipa zaidi ya robo tatu ya gharama za mwaka kwenye chuo kikuu cha umma cha miaka minne; leo inalipa kama theluthi hivi. Kwa chuo cha miaka miwili kama cha binti yangu inatosha na chenji inabaki. Kwa chuo kikuu cha mbali, na bweni juu yake, haitoshi, na mtoto asidanganywe.

Halafu kuna shimo ambalo kijana wa kanisani kwetu alitumbukia, nalo naliona baya kuliko yote. Alianza masomo mwezi wa nane. Wiki ya tano akapata kazi ya ghala yenye mshahara mzuri, akaacha kwenda darasani. Hakumwambia mtu, alidhani ni kama kuacha shule kwetu, unakaa nyumbani basi. Miezi miwili baadaye ikaja bili ya dola 1,400 na zaidi. Sheria iko hivi: ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, Pell unahesabiwa ile ya siku ulizosoma tu, iliyobaki inarudi serikalini, na chuo kinakugeukia wewe kwa ada uliyobaki nayo. Baba yake alikuja kwangu na barua ile mkononi akasema, "Mwalimu, si ulisema hairudishwi?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimesema hivyo, mbele ya watu, na sikuwa nimelisema hili la pili. Sasa nalisema kila mara. Ukitaka kuacha, nenda kwanza ofisini uulize tarehe. Wakati mwingine kukaza wiki tatu tu kunakuokoa. Na ukipunguza masomo badala ya kuacha yote, hesabu ni nyingine: saa 12 za masomo kwa muhula (ni kipimo cha chuo cha uzito wa masomo uliyojiandikisha, si saa za ukutani) unapata Pell yako kamili, saa 9 unapata robo tatu, saa 6 nusu.

Nusu hiyo ndiyo yangu. Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu nasoma madarasa mawili ya jioni kabla ya kwenda zamu. Nilidhani Pell ni ya vijana. Haina kikomo cha umri. Inachotaka ni usiwe na digrii ya kwanza tayari, uendelee kufaulu, na inakupa mihula 12 ya kusoma kwa saa kamili, sawa na miaka sita, maishani mwako. Wanaosoma nusu wanaitumia nusu nusu, kwa hiyo yangu itanifikisha mbali. Binti yangu yuko mwaka wa pili, amefika kwenye somo la mifupa ya mwili, na jioni tunagombea meza ya jikoni.

Mwisho, habari ya wanaowatoza watu. Kuna mtu anapita kwenye majengo yetu anajaza FAFSA kwa dola 80. Herufi ya kwanza ya jina FAFSA maana yake ni "bure". Na mbaya zaidi, anafungua akaunti kwa imeili yake mwenyewe na namba ya simu yake, kwa hiyo mwaka unaofuata, maana fomu hujazwa kila mwaka, huwezi kuingia bila yeye. Akaunti iwe yako, imeili yako, neno la siri kwenye daftari lako.

Fomu ya 2026-27 imeshafunguliwa. Kwa misaada ya jimbo la Texas tarehe ya kuwahi ni 15 Januari, na huko hela zikiisha zimeisha. Sisi mwaka ule wa kwanza tulifika mwezi wa nne tukakuta sahani tupu. Jumamosi huwa nipo maktaba ya mjini kuanzia saa nane mchana, meza za karibu na dirisha, na watu wa kanisani wanalijua hilo. Njoo na mtoto wako, soshali, grini kadi na simu yenye imeili yako. Tutaanza na zile kadi mbili, herufi kwa herufi. Usilete hela.